Mlinzi Aliyeugeukia Ukuta

Mkwe wangu ninamjua kwa viatu. Siku alipokuja kutambulishwa nyumbani kwetu Mbale, mashariki mwa Uganda, nilikaa chumbani na dada zangu, kama desturi inavyotaka, na pazia la mlango lilikuwa fupi. Wageni walipita mmoja mmoja kuelekea sebuleni. Dada yangu mkubwa akanifinya paja, akaninong'oneza, "Ndiye huyo." Nikaona viatu vyeusi vya mlinzi, vimepigwa rangi hadi vinang'aa, kamba ya kushoto imefungwa mafundo mawili. Nikasikia kikohozi kifupi cha mtu mwenye haya. Mengine yote nilisimuliwa.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mikono, hawali meza moja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Mkikutana kwa bahati mbaya, mmoja anageuka na mwingine anapita. Wasoga, jirani zetu, wana desturi hiyohiyo, nao husema anayeivunja hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mikono. Mchungaji wetu alikuwa akihubiri kwamba hayo ni mambo ya giza, mpaka siku tulipomwona akiruka mtaro na Biblia kwapani ili asikutane na mama wa mkewe. Mimi sisemi naamini, wala sisemi siamini. Nasema tu kwamba mikono ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na sikuwa na haja ya kuifanyia majaribio.

Nilikuwa msimamizi wa wachambuzi katika kiwanda kidogo cha kahawa Jinja, katika mtaa wa Walukuba. Kampuni ilikuwa na ghala Mbale, karibu na wakulima wa mlimani, na kiwanda chenyewe Jinja. Malori yalileta buni, sisi wanawake tukaketi kwenye meza ndefu tukitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Zilizobaki zikakaangwa na kutiwa kwenye pakiti. Niliianza kazi hiyo binti yangu akiwa mgongoni. Hasira zangu zilijulikana kiwandani kuliko jina langu. Nikimkuta mtu amepitisha punje mbovu nilimwambia ukweli wake na wa ukoo wake, halafu mchana tukala pamoja. Walinivumilia kwa sababu niliwapigania wao pia, kwa sauti ileile.

Jambo moja tu hawakuliamini, nalo ni Kiswahili changu. Baba yangu alikuwa askari jela. Nilizaliwa kwenye nyumba za magereza Mbale, ambako watoto wa makabila ya kaskazini na mashariki tulitukanana na kupatana kwa Kiswahili. Kwa wenzangu wengi pale mezani hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi na bunduki, lugha ya mtu anayekugongea mlango na kukuuliza mumeo yuko wapi. Kila nilipopiga soga na walinzi langoni, meza nzima ilinyamaza niliporudi. Nilikuwa nikicheka. Kicheko hicho kilikuja kunitokea puani.

Kahawa ilianza kupotea. Kwanza Mbale, gunia hapa, gunia pale. Kisha Jinja, katoni nzima za pakiti zilizokwisha kufungwa. Kila mara lawama iliangukia meza yetu, maana sisi ndio tuliokuwa na aproni zenye mifuko na mabegi ya chakula. Sijui katoni inaingiaje kwenye mfuko wa aproni, lakini maskini hahitaji mfuko mkubwa ili ashukiwe. Kwa hiyo meneja alipotangaza kwamba ataweka kamera, mimi ndiye niliyepiga makofi. Meneja alikuwa Mkenya, mtu mpole, aliyezungumza kama anayembembeleza mtoto anywe dawa chungu. Nilimwambia mbele ya watu wote, "Weka, bwana meneja. Weka hata chooni, tumjue mwizi ni nani."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Kamera zilipandishwa darini, na baada ya muda mfupi tukaanza kuulizwa maswali yasiyohusu wizi. Kwa nini wewe na yule mlikuwa mkicheka? Kwa nini ulikwenda msalani tena kabla ya chai? Mwenzetu mmoja alisinzia mezani kwa sababu mtoto wake alikuwa mgonjwa. Aliitwa ofisini, akaonyeshwa usingizi wake mwenyewe, mdomo wazi, na meneja akamwuliza kwa upole uleule kama hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa. Alirudi mezani akiwa analia kimyakimya, na tangu siku hiyo hakuegemea kiti tena.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Sawa, lakini macho ya binadamu hupepesa, huchoka, na hujua kutazama pembeni mtu anaporekebisha sidiria yake. Yale ya darini hayakufunzwa adabu na mtu. Mimi sikatai ulinzi, maana aliyelala mlango wazi amewaita wezi mwenyewe. Nilichokataa ni kuchungwa. Na huku tukichungwa hivyo, kahawa iliendelea kupotea, nasi tukaanza kuangaliana. Mtu akiitwa ofisini unajiuliza amesema nini juu yako. Akirudi anatabasamu, unajua amesema mengi.

Baada ya kamera likaja lango. Zamani tulikaguliwa na askari wa kike, mwanamke mcheshi wa kabila la Wateso aliyekuwa akitutekenya makusudi. Alipokwenda kujifungua, kampuni ya ulinzi haikuleta mwingine. Ikatoka amri kwamba kila anayetoka apite kwenye kimlango chembamba cha pembeni, mmoja mmoja, na mlinzi aliyepo, hata akiwa mwanamume, apekue begi na apapase aproni na mabega kwa mgongo wa kiganja. Anayekataa kukaguliwa amejifukuza kazi mwenyewe. Mlinzi alipewa pia kifimbo kinacholia kikikutana na chuma. Kahawa si chuma, lakini kifimbo kilikuwa kimekwisha kununuliwa, kwa hiyo tulipitishiwa. Nilikwenda kugomba ofisini. Meneja akasema ameomba askari wa kike na anangoja jibu.

Nikiwa bado nina hasira hiyo, binti yangu akanipigia simu kutoka Mbale. Alikuwa akihema.

"Mama, wamemhamisha. Anakuja Jinja."

"Nani?"

"Mama! Mkweo. Wanamleta kwenye kiwanda chenu, langoni."

Nilikaa juu ya gunia. Yeye akaendelea kunieleza, na kila alichoeleza kilizidi kunibana. Kampuni ya ulinzi ilikuwa na sheria kwamba mlinzi halindi mahali anapofanya kazi ndugu yake au mkwe wake, na anayeficha anafukuzwa. Nikamwuliza kwa nini basi asiseme. Akasema mchumba wake alikwisha kukataa uhamisho mmoja, wakamwonya kwamba akikataa wa pili arudishe sare. Na bila kazi hakuna harusi. Harusi yenyewe ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa msiba wa upande wao. Kabla ya huyu kulikuwa na mwingine aliyetambulishwa, akala, akanywa, akatoweka, na binti yangu akakaa muda mrefu bila kicheko ndani ya nyumba. Kilikuwa kimeanza kurudi.

"Usiseme, mama. Ni mpaka harusi tu. Nakuomba."

Nilimwambia sitasema. Kuanzia hapo nilijua nimebeba nini. Neno langu moja lingetosha kuivunja ndoa ya mwanangu.

Siku ya kwanza nilifika kwenye kimlango nikiwa nimeinamisha kichwa, nikaviona vile viatu. Fundo la kushoto lilikuwa palepale, mara mbili. Navyo viatu viligeuka. Nilipojasiri kuinua macho kidogo niliona mgongo wa sare ya bluu, na kichwa kimeelekezwa ukutani kama mtoto aliyepewa adhabu. Alikuwa amenitambua kwa picha zangu alizoonyeshwa na binti yangu. Nikapita haraka, begi langu likiwa halijafunguliwa. Nyuma yangu nilimsikia akigeuka tena na kumwambia mwenzangu, "Mama, fungua begi tafadhali." Mwenzangu aliponifikia barabarani aliniuliza, kwa Kisoga na bila kunitazama, kama mimi nimekuwa bosi siku hizi.

Kesho yake sikutaka kupita pale. Nilimngoja aende kujisaidia. Siku nyingine nilizunguka nyuma ya magunia nikatokea upande wa kupakia malori, ambako mlinzi mzee wa lango kubwa alinijua akaniacha nipite. Nilijitanda leso pana kama khanga mpaka puani. Nilichungulia pembeni kabla ya kukata kona. Nikisikia kikohozi kile nilirudi nyuma haraka, mwanamke mzima, nikajibanza nyuma ya mzani. Nilijionea huruma, kisha nikajionea aibu, kisha nikamkasirikia meneja, na kwa sababu sikuweza kumwambia neno nikawagombeza wachambuzi bila kosa.

Wao nao walikuwa na macho. Mchana nilikuta wamekwisha kula. Viti vilisogezwa kidogo, si sana, kiasi cha kunifanya nijue. Sikuambiwa kitu, lakini nilisikia vipande. Ndiyo maana anaongea Kiswahili nao. Ndiyo maana hapekuliwi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kwa walivyoona wao lilikwisha kufika, limeketi mezani pamoja nasi.

Na mimi je? Nilipoachwa peke yangu na punje zangu, nilianza kuwaza. Kahawa ilipotea Mbale yeye alipokuwa akilinda ghala la Mbale. Alipoletwa Jinja, ya Jinja ikapotea zaidi. Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa nini mtu akatae uhamisho wa kwanza, kisha akubali wa pili, unaomleta mbele ya mama mkwe wake? Nilijibu mwenyewe kwamba alionywa. Halafu nikauliza, nani amesema alionywa? Yeye. Mlinzi anayeugeukia ukuta kwa heshima, ni lini anageuka tena? Anaona nini kinachopita mgongoni kwake, na anaona nini asichotaka kukiona? Nilikuwa najificha kwa ajili ya mtu ambaye sikujua hata pua yake ilivyo.

Nikampigia binti yangu. "Huyu mtu wako ni mtu wa namna gani?"

"Mama, umeanza. Wewe unamshuku kila mtu, hata padri."

"Padri yupi?"

"Umeona?" Akacheka. Kile kicheko kilinifunga mdomo.

Waliniita asubuhi moja yenye mvua. Aliyekuja kunichukua ni mkuu wa walinzi, mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, mrefu, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani. Sote tulimwita afande. Alisimama nyuma ya kiti changu akasema kwa kile Kiswahili cha kambini, "Mama, bwana meneja naita wewe. Wacha kahawa, kuja sasa." Meza nzima iliinama kuchambua kwa bidii ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

Ofisini meneja alinivutia kiti na kuniuliza kama nitakunywa chai. Nikakataa. Mtu anayekupa chai kabla ya kusema amekuitia nini, chai hiyo si ya kunywa. Mezani kwake kulikuwa na zile televisheni za kamera, zimepangwa safu. Zote zilionyesha meza zetu, korido, lango, mlango wa msalani. Moja tu ilikuwa nyeusi.

"Mama, angalia hapa," akasema. "Angalia tu, usiseme kitu kwanza."

Nikamwona mwanamke mnene aliyejifunika leso mpaka puani. Anatoa kichwa kwenye kona, anachungulia, anarudi. Anajibanza nyuma ya mzani. Anatokea kwenye malori akitembea upesi, begi liko chini ya leso. Siku nyingine, hivyohivyo. Siku nyingine, kimlangoni, mlinzi anageuka, na yule mwanamke anapita kama panya chini ya kabati. Nitasema ukweli, mimi mwenyewe ningemkamata. Ningemkamata na kumfunga kamba. Kamera haikusema uongo hata kidogo. Mambo yote iliyoyaonyesha niliyafanya.

Kisha akaweka picha nyingine, na hapo sikuwa nimejiandaa. Kulikuwa na kamera juu ya ule ukuta wa lango. Kila mara alipogeuka ili asinione mimi, alikuwa akiipa kamera uso wake wote. Nikavuta leso nikajifunika macho.

"Usijifiche, mama," meneja akasema taratibu. "Mtu asiye na kosa anatazama."

Nikajiambia kwamba picha si mtu. Nikaishusha leso, nikamtazama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Picha ilikuwa ya siku ya mvua, maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye kofia hadi kidevuni. Kijana mwembamba, masharubu machache yasiyojua kama yaote au yaache. Alikuwa amefumba macho. Niliutafuta wizi katika uso ule kama ninavyotafuta tundu la mdudu kwenye punje, na sikuona. Niliona tu mtu aliyefumba macho kwa nguvu. Mtu anaweza kufumba macho kwa heshima. Anaweza pia kufumba ili baadaye aseme hakuona.

"Na ile ni ya wapi?" nikauliza, nikionyesha televisheni nyeusi.

"Ile ya kupakia malori. Imeharibika."

"Tangu lini?"

Meneja akamtazama afande. Afande akatazama nje, kwenye mvua. "Mama," meneja akasema, "hapa ninayeuliza ni mimi. Huyu kijana ni nani yako?"

Sikujua wamemwuliza nini yeye, wala amejibu nini. Hicho ndicho kilichonitoa jasho. Nikisema mkwe na yeye amesema hanijui, nimemfukuza kazi. Nikisema simjui na yeye amekwisha kukiri, nimetufanya sote wawili waongo. Afande akakohoa.

"Bwana, mimi najua hii kitu. Kwetu mtu nageukia ukuta namna hii kwa mama ya mke yake. Kwa mtu ingine, hapana. Mimi mwenyewe nafanya."

"Hata kwetu iko, mama," meneja akasema. "Mimi si mgeni wa hayo mambo, na sitacheka. Lakini hebu ona shida yangu. Kama ni mkwe wako, alidanganya kwa kampuni yake, na leo ni siku yake ya mwisho. Kama si mkwe wako, basi hii ninayoona ni wizi wa watu wawili, na nitaita polisi." Akaiweka kalamu sawa na ukingo wa meza. "Sitaki kumwonea mtu. Ataingia hapa, akukague mbele yetu kama anavyokagua wengine. Akikukagua, nitajua hakuna ukwe. Na ukiwa huna kitu, yameisha. Wote mtarudi kazini."

Nilimwona ni mtu mwenye akili sana, nikamchukia kwa akili hiyo. Kupapaswa mabega mara moja tu, na kazi zetu zote mbili zingebaki. Lakini mwanamume aliyempapasa mama wa mchumba wake mbele ya watu hawezi kuoa katika nyumba yetu. Kaka zangu wangerudisha ng'ombe wa mahari siku hiyohiyo. Na habari isingekosa kufika Mbale, kwani walinzi wa huku ndio walinzi wa kule. Ningemwokoa mlinzi na kumpoteza mkwe.

"Lete mwanamke," nikasema. "Mlete hata mkeo, bwana meneja. Nitavua kila kitu."

"Hapana, mama. Ni yeye."

Alimpa afande ishara, naye akaenda kumwita. Nikabaki na meneja, sauti ya mvua juu ya mabati, na yule mwanamke wa leso aliyesimamishwa kwenye picha mguu mmoja hewani. Nilimfikiria binti yangu akicheka kwenye simu. Kisha nikavisikia viatu kwenye korido, na kile kikohozi. Vikasimama nje ya mlango. Kupitia uwazi niliona fundo la kushoto, mara mbili.

Hapo hasira ikanijia. Na ilikuwa hasira ya kweli, namshukuru Mungu, maana ya kuigiza isingetosha. Nilisimama nikaangusha kiti. Nilijitupia leso kichwani kama ninayetoka kwenda mvuani, nikapiga kelele ambayo baadaye niliambiwa ilisikika hadi kwenye mashine ya kukaangia.

"Mimi nipapaswe na mtoto huyu? Mimi, niliyekuwa hapa wakati mnakaanga kwa sufuria? Nimewalelea kahawa yenu kama nilivyomlelea mwanangu, leo mnaniletea kijana anishike mabega ndipo mjue kama mimi ni mtu? Sikaguliwi! Na yeye sikaguliwi, na wewe sikaguliwi, na huyo afande wako sikaguliwi! Mwizi wenu mtafuteni kwenye ile televisheni iliyokufa!" Nikaivua kadi ya kazi shingoni nikaitupa mezani. "Si mmesema anayekataa kukaguliwa amejifukuza? Basi nimejifukuza. Kaa na mali yako!"

Meneja alisimama, mikono mbele kama mtu anayetuliza ng'ombe. "Mama, mama, tulia kwanza." Lakini machoni mwake niliona ameamini. Kila mtu kiwandani alijua hasira zangu, na mtu anayejulikana kwa jambo fulani akilifanya, hakuna anayeuliza sababu. Hakukumbuka tena kuuliza juu ya ukwe. Nilitoka huku nimejifunika, nikiwa naona sakafu tu. Afande alikuwa amejaa mlangoni. Alinipisha. Nyuma yake viatu vile vilikuwa vimenipa visigino, ncha zake zikigusa ukuta.

Afande aliona. Mtu aliyejua desturi ile vizuri kuliko wote alikuwa hapo, kati yetu, na hakusema kitu. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Siku nyingine nasema ni mtu mwema, aliyemkumbuka mama wa mkewe. Siku nyingine nakumbuka jinsi alivyotazama mvua nilipouliza habari za kamera ya malori, na nasema alifurahi kwamba mtu wa kulaumiwa amepatikana, amejitoa mwenyewe, tena kwa kelele.

Mkwe wangu alipewa onyo kwa uzembe, akabaki langoni. Mimi nilibaki Walukuba kwa muda, nikiwa mwizi. Hakuna aliyenifungulia kesi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuniachia huru. Wanawake sokoni walitazama kikapu changu kabla ya kunisalimu. Yule mwenzangu aliyeonyeshwa usingizi wake, ambaye nilikwenda kumtetea ofisini hadi sauti ikanikauka, alinishika mkono njiani akaniuliza bila ubaya, "Mama, ulikuwa unamuuzia nani?" Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nilimwambia mvua inakuja, nikaenda zangu. Mwezi uliofuata yule askari wa kike mcheshi alirudi kutoka kujifungua, akashika lango lake kama zamani.

Nilifungasha nikarudi Mbale. Harusi ilifanyika. Nilikaa upande wa wanawake, nimejifunika vizuri, nikamsikia binti yangu akicheka hadi watu wakageuka, na kwa siku ile moja sikujuta. Walihamia Nalufenya, mtaa mwingine wa Jinja. Mimi siendi kwao, kwani mama mkwe haingii nyumba ya mkwe hivihivi. Salamu zinakuja kwa simu, na siku za sikukuu binti yangu anapanda gari kuja kuniona.

Kutoka Jinja nasikia kamera zimeongezwa na kahawa bado inapotea. Nikisikia hivyo moyo unaruka. Nauliza ni zamu ya nani langoni, halafu najilaumu kwa kuuliza. Uso nilioununua kwa jina langu niliuona mara moja tu, umelowa, umefumba macho. Ningekuwa na ruhusa ya kumwuliza swali moja, ningemwuliza akinitazama. Lakini sina, wala sitakuwa nayo mpaka nife.

Juzi binti yangu alikuja. Alishusha zawadi mezani moja moja: sukari, sabuni, khanga mbili, mafuta ya kupikia. Mwisho akatoa pakiti ya kahawa iliyokaangwa, ya karatasi tupu, haina chapa. "Mkweo amesema nikuletee hii," akasema, "anajua unaipenda." Niliinusa kabla sijaifungua. Ilikuwa kahawa ya mlimani, nzuri sana, imechambuliwa vizuri.

"Ameitoa wapi?" nikamwuliza.

Binti yangu akaugeukia ukuta, akaanza kukunja khanga ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa.